Filtri mpya, karbiratere ya zamani: namna ya kurekebisha pikipiki kisha kubadilisha filtri ya hewa

Musimu wa kiangazi ukishika, kuanzia mwezi wa sita, barabara ya Kasongo kwenda Nyangwe na ile ya Kabambare zinageuka vumbi jekundu. Wakati ule njo mafundi wa garaji wanaona jambo moja likirudi kila mwaka. Motari anatoa filtri ya hewa iliyoziba, anaweka mpya, anafurahi siku mbili: pikipiki inavuta vizuri, inapanda kilima bila kulalamika. Kisha wiki haijaisha, injini inaanza kupata joto kupita kiasi, inapiga «pa-pa-pa» ndani ya eshapema akiachilia gazi, na asubuhi haitaki kuwaka bila starteri. Motari anarudi kwa muuzaji na hasira: «Umeniuzia filtri ya bure.»

Mara mingi filtri haina kosa. Kosa iko ndani ya karbiratere, na lilikuwemo tangu zamani. Filtri chafu njo ilikuwa inalificha.

Kuelewa jambo hilo kuna faida kubwa hapa kwetu kuliko mjini. Kule Bukavu, pikipiki ikikufa unaisukuma mpaka garaji ya karibu. Kati ya Kasongo na Kabambare, ikikufa nyuma kuna mama mjamzito anayepelekwa hospitali, ama kuna sanduku la chanjo lenye barafu inayoyeyuka, safari imeharibika kabisa. Ni njia ileile ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Ujiji, ikapita Kabambare na Kasongo mpaka soko la Nyangwe ukingoni mwa Lualaba, mahali Livingstone alifika mwaka 1871. Watu wa wakati ule walitembea kwa miguu. Sasa kuna pikipiki, lakini pistoni ya kubadilisha haipatikani njiani.

Hewa na esansi vinavyokutana

Karbiratere haina akili ya umeme. Pistoni ikishuka inavuta hewa, hewa ikipita mbio ndani ya tundu la karbiratere inafyonza esansi kupitia vitundu vidogo vinavyoitwa jiklere. Basi ni hayo tu. Ili esansi iungue yote, gramu moja inahitaji karibu gramu 14,7 za hewa. Injini ikifanya kazi nguvu inataka esansi zaidi kidogo, karibu gramu moja kwa 13 za hewa, kwa sababu ile esansi ya ziada inasaidia pia kupoza ndani.

Sasa filtri ikijaa vumbi, hewa inapita kwa shida. Mvuto ndani ya karbiratere unaongezeka, na esansi inayofyonzwa inakuwa mingi kuliko hewa. Ni sawa na kutembea na starteri iliyofungwa nusu. Pikipiki inakunywa, buji inakuwa nyeusi, moshi unatoka. Motari analalamika: lita moja haifikishi tena pale ilikuwa inafikisha. Na fundi, pahali pa kufungua sanduku la filtri, anafungua karbiratere: anateremsha sindano kipande kimoja, anaweka jiklere ndogo, anageuza visi. Pikipiki inatulia. Esansi inatosha. Kila mtu anafurahi.

Miezi inapita. Siku filtri mpya inaingia, hewa inarudi yote, lakini esansi imebaki ile iliyopunguzwa. Mchanganyiko unakuwa mkavu, yaani hewa mingi na esansi kidogo, na mchanganyiko mkavu unachoma moto mkali. Hapo njo taabu inaanza.

Kwa pikipiki za mapigo manne, kama TVS na Boxer kutoka India ama zile mingi za China, ukavu unaleta joto, supapu inaungua polepole, nguvu inapotea. Zinavumilia muda. Lakini zile pikipiki za zamani za mapigo mawili, Yamaha AG 100 na DT 125 ambazo misioni, zoni za afya na mashirika yalizileta kwa miaka mingi, hazivumilii. AG 100 ikienda gazi yote juu ya kilima kirefu na mchanganyiko mkavu, pistoni inavimba kuliko silinda, inakamata, na gurudumu la nyuma linafunga palepale. Mtu anaweza kuanguka vibaya.

Kuna tena jambo ambalo wenye AG 100 wanapaswa kulijua. Pikipiki ile ina pompe yake ya mafuta. Pompe ikiharibika, watu wanaikata na kuchanganya mafuta ndani ya esansi. Hapo, esansi ikipungua ndani ya injini, na mafuta yanapungua pamoja nayo. Na wale wanaomimina mafuta mingi zaidi «kwa kulinda injini» wanasahau kama mafuta yanachukua nafasi ya esansi ndani ya jiklere. Mchanganyiko unazidi kukauka. Heshima kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, na kwa kile kilichoandikwa juu ya chupa ya mafuta.

Ni filtri gani imewekwa?

Kabla ya kugusa visi hata moja, fundi mzuri anauliza swali hili. Filtri ya karatasi ya aina ileile iliyotoka na pikipiki inadai karbiratere irudi tu kwenye vipimo vyake vya kiwanda. Kazi inaishia pale karibu kila mara. Filtri ya mpira laini, ile ya musi, inafanya vilevile kama imepakwa mafuta. Lakini ile filtri ndogo ya duara inayofungwa moja kwa moja juu ya karbiratere, bila sanduku, ni habari nyingine. Sanduku la filtri halikuwekwa kwa kupamba. Linatuliza hewa na linaizuia kidogo, na mtengenezaji alichagua jiklere akihesabu kizuizi hicho. Ukilitupa, lazima esansi iongezwe kila mahali. Pikipiki zenye karbiratere ya kofia nyeusi juu, ile ambayo ndani yake kuna ngozi ya mpira inayopandishwa na mvuto wa hewa, zinasumbuka zaidi: ngozi ile inacheza bila utaratibu na pikipiki inasitasita. Kwa barabara zetu, ushauri ni kubakiza sanduku.

Kuna kipande cha matela pia. Mtu anakata musi ya matela, anaisukuma ndani ya sanduku, safari inaendelea. Kwa siku moja ya shida, sawa. Lakini musi ya matela ina vitundu vikubwa, vumbi la hapa ni laini kama unga wa muhogo, na aina zingine zinavunjika-vunjika zikiguswa na mvuke wa esansi. Vipande vinaingia ndani ya karbiratere. Na kuendesha bila filtri kabisa ni kusaga injini kwa mchanga: segma zinaisha, silinda inapata mistari, pikipiki inaanza kula mafuta ya injini. Hakuna visi ya kurekebisha jambo hilo.

Filtri ya musi inafuliwa kwa maji ya sabuni ama kwa petroli ya taa, si kwa esansi. Esansi inaharibu gundi ya maungio, na moto unaweza kutokea. Inakamuliwa kwa kubanwa kati ya viganja, haisokotwi kama nguo. Ikikauka kabisa, inapakwa mafuta ya injini yaliyo safi, kisha inabanwa mpaka mafuta yasidondoke tena. Musi kavu haikamati vumbi laini, na musi inayodondosha mafuta inaziba hewa. Ile ya karatasi haifuliwi wala haipakwi mafuta. Inapigwa-pigwa taratibu na kupulizwa kutoka ndani kwenda nje.

Mambo ya kuangalia mbele ya turnevisi

Mafundi mingi wanapoteza nusu siku wakigeuza visi wakati kosa ni tundu. Mpira unaounganisha karbiratere na injini ukipasuka, hewa inaingia kwa wizi, bila kupita kwa filtri wala kwa jiklere. Dalili zake ni zilezile za ukavu: ralanti inapanda peke yake, kisha inakawia kushuka. Pikipiki ikiwaka, nyunyiza maji kidogo yenye sabuni kuzunguka mpira ule. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Kolari zikazwe, na ukingo wa filtri upakwe grisi nyembamba ili vumbi lisipite pembeni.

Esansi yenyewe iangaliwe. Ile inayonunuliwa kwa kadafi, ndani ya chupa kando ya barabara, mara inakuwa na maji, mara imechanganywa na petroli. Fungua visi ya chini ya bakuli la karbiratere, achilia ndani ya chupa nyeupe, ngoja dakika tano. Maji yanaketi chini na mstari unaonekana wazi. Kwa pikipiki iliyovuka Lualaba ndani ya mtumbwi, ikanyeshewa ama kulazwa ubavu, jambo hili lifanywe mbele ya yote. Bakuli likiwa wazi, angalia pwanto na mboya: mboya iliyopinda inabadilisha urefu wa esansi ndani ya bakuli, na mchanganyiko wote unaharibika, kutoka ralanti mpaka gazi yote.

Mwishowe buji mpya, ama ile ya zamani iliyopanguswa vizuri, na kwa mapigo manne nafasi ya supapu ipimwe. Supapu iliyobana sana inaiga dalili za karbiratere mbaya.

Halafu kuna swali ambalo watu hawaulizi: pikipiki imetoka wapi? Bukavu iko karibu metre 1 500 juu ya bahari. Kasongo haifiki 700, na Nyangwe kando ya mto iko chini zaidi. Hewa ya Bukavu ni nyepesi kuliko ya huku kwa karibu sehemu moja kati ya kumi. Pikipiki iliyorekebishwa vizuri kule, ikishuka Maniema, inakutana na hewa nzito. Esansi iliyotosha kule haitoshi tena. Ukiongeza filtri mpya juu yake, ukavu umekuwa mara mbili. Wafanyabiashara wanaonunua pikipiki iliyotumika kule na kuileta Kabambare wawe na habari.

Visi ya mchanganyiko

Sasa kazi yenyewe. Kwanza pikipiki itembee dakika kumi, kwa sababu injini baridi inadanganya. Kwenye karbiratere kuna visi mbili zinazoonekana. Moja inasukuma buaso juu na kupandisha ralanti. Ya pili, ndogo, mara mingi imefichwa kidogo, njo ya mchanganyiko.

Visi hii ya pili imewakosesha mafundi wengi, kwa sababu iko aina mbili na zinafanya kazi kinyume. Kama iko upande wa filtri, nyuma ya buaso, inapima hewa: kuifungua kunakausha, kuifunga kunaongeza utajiri wa esansi. Kama iko upande wa injini, mbele ya buaso, inapima esansi: kuifungua kunaongeza esansi, kuifunga kunakausha. Fundi aliyejifunza juu ya AG 100 halafu anashika pikipiki ya China kwa mazoea yaleyale anaweza kufanya kinyume siku nzima.

Funga visi ile taratibu mpaka iguse, ukihesabu mizunguko, na uandike hesabu. Usikaze, ncha yake ni nyembamba na tundu linaharibika. Kisha ifungue mzunguko mmoja na nusu, mahali pa kuanzia kwa karbiratere mingi. Washa. Igeuze robo kwa robo, ukingoja kidogo kila mara, mpaka mlio wa injini upande juu kabisa na uwe laini. Ralanti ikipanda sana, ishushe kwa visi ya kwanza, kisha rudia. Mara mbili ama tatu inatosha. Piga gazi ghafla: injini ijibu bila kusita, ikiachiliwa irudi chini palepale. Ikibaki juu kwa muda, bado ni kavu. Ikishuka mpaka karibu kuzima kisha inapanda, ni esansi mingi.

Kama visi ya hewa inataka kufungwa chini ya nusu mzunguko, jiklere ya ralanti ni ndogo sana. Ikitaka kupita mizunguko mitatu, ni kubwa sana. Kwa visi ya esansi, geuza maneno hayo.

Sindano na jiklere kubwa

Visi inatawala tu ralanti na mwanzo wa gazi. Zaidi ya hapo haina neno, hata ukiizungusha mpaka jioni. Kuanzia robo mpaka robo tatu ya gazi, mwenye mamlaka ni sindano inayoning'inia ndani ya buaso. Gazi yote ni kazi ya jiklere kubwa. Ndiyo maana fundi mwenye subira anafunga kipande cha skochi juu ya mpini wa gazi na kuweka alama: robo, nusu, robo tatu. Anatembeza pikipiki akishika gazi kwenye alama moja, anasikiliza, anahamia nyingine. Shida ikionekana kwenye nusu, anajua pa kufungua.

Sindano ina mikato, mara mingi mitano, na kibanio kidogo kimeingia ndani ya mmoja. Kukishusha kibanio chini kunapandisha sindano, na esansi inaongezeka. Kukipandisha juu kunakausha. Pikipiki iliyokuwa na kibanio juu kabisa wakati wa filtri chafu irudishwe mkato wa katikati siku ya filtri mpya. Jambo hilo moja linaponya pikipiki mingi zaidi ya mengine yote yaliyoandikwa hapa.

Jiklere kubwa ina namba. Namba ya Mikuni na namba ya Keihin hazipimwi namna moja, kwa hiyo 100 ya huyu si 100 ya yule. Kwanza irudishwe ile ya kiwanda. Kama sanduku la filtri limeondolewa, panda hatua moja, ujaribu, kisha nyingine. Daima anza upande wa esansi mingi na ushuke. Esansi mingi inachafua buji tu. Ukavu unakula pistoni.

Hukumu inatoka kwenye buji. Tafuta mahali tambarare, pasipo watoto wala mbuzi, uende gazi yote muda mfupi, kisha kwa mara moja bana ambreaje na zima kontakti, pikipiki ijitembeze mpaka isimame. Fungua buji kwa kitambaa, inaunguza. Rangi ya udongo mkavu ama kahawa yenye maziwa, vizuri. Nyeusi yenye masizi, esansi mingi. Nyeupe kama chokaa, ama yenye vidoadoa vinavyong'aa, usitembeze tena: hivyo vidoa vinaweza kuwa chuma cha pistoni yako. Esansi ya siku hizi isiyo na risasi haipaki rangi upesi kama ya zamani, basi angalia chini kabisa, pale kaure nyeupe inapoingia ndani ya chuma, na usihukumu kwa safari moja.

Ujanja unaoharibu

Desturi mbili zinastahili kuachwa. Ya kwanza ni kuingiza uzi wa waya ndani ya jiklere ili esansi ipite kidogo. Inaonekana ni faida kila jioni ukihesabu franka, lakini ni njia ya haraka zaidi ya kufika kwenye pistoni iliyotoboka, na yule anayenunua pikipiki ile kesho hajui kama kuna waya ndani. Fundi anayepokea pikipiki asiyoifahamu aitoe jiklere na kuitazama kwenye mwanga wa jua, tundu liwe duara na safi. Ya pili ni kuisafisha jiklere kwa sindano ya kushonea ama waya wa chuma. Shaba ya jiklere ni laini. Tundu linapanuka na namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo. Kupuliza kwa pompe ya baiskeli kunatosha karibu kila mara, na uchafu ukikataa, nyuzi moja ya shaba kutoka waya wa umeme ipitishwe pole.

Kisha kurekebisha, namba ziandikwe: mizunguko ya visi, mkato wa sindano, jiklere, tarehe. Wengine wanaandika kwa makeri ndani ya kifuniko cha ubavu, na fundi wa Kabambare anaweza kusoma kazi ya fundi wa Kasongo. Kiangazi, ndani ya vumbi la kufuatana na malori, filtri ya musi ifunguliwe kila wiki. Musimu wa mvua, kila mwezi inafaa, lakini iangaliwe kama haijanywa maji. Wenye kubeba wagonjwa na chanjo wanaweza kutembea na musi ya pili ndani ya saketi ya plastiki, imekwisha kufuliwa na kupakwa mafuta. Kuibadilisha njiani ni dakika kumi, na karbiratere haiguswi.